Kibati cha Chini ya Mizizi

Ifahamike kwa umma, kwa wakuu wa idara zote na kwa yeyote aliyejaliwa masikio mawili, kwamba Jumamosi ile, saa tatu kamili asubuhi, Mheshimiwa alizindua rasmi awamu ya nne na ya mwisho ya Ziara ya Ukaguzi wa Vitalu vya Bonsai. Msafara wake ulikuwa na ulinzi mkali. Ulikuwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, miaka kumi na sita, soksi moja ya kijivu na nyingine ya bluu. Wa pili alikuwa mama yake, ambaye alimbebesha mkoba wa kahawia na kumwambia, "Tembea vizuri. Unatembea kama unakagua gwaride."

Uheshimiwa wenyewe haukupigiwa kura na mtu. Alipewa na wenzake wa bweni, siku alipopanda juu ya kitanda cha chuma na kulihutubia taifa kuhusu uhaba wa sukari kwenye chai. Na kwa kuwa mheshimiwa hawezi kukaa bila katibu, katibu naye alipatikana hapohapo kwenye kitanda cha chini: pacha wake, aliyezaliwa dakika tisa baada yake, sura ileile, urefu uleule, mwandiko mzuri mara kumi. Mheshimiwa alitunga, Katibu akaandika. Waliwahi kubandika tangazo kwenye mlango wa ofisi ya walimu likiwataka walimu wote wakapimwe vichwa kwa ajili ya kofia mpya za sherehe. Walimu wanne walikwenda. Mmoja alirudi kulalamika kwamba chake kilipimwa vibaya.

Lakini kazi yao bora kuliko zote ilikuwa kuitika mara mbili. Kiranja wa zamu alikuwa akisoma majina uwanjani kichwa kikiwa ndani ya rejista, kama mtu anayetafuta sarafu kisimani. Likisomwa jina la kwanza, pacha mmoja anapaza sauti mstari wa mbele: "Nipo!" Halafu anapita nyuma ya migongo ya wenzake, anavua sweta, na likisomwa jina la pili anaitika kwa sauti ya puani: "Nipo!" Rejista ilionyesha wawili. Uwanjani alikuwa mmoja, na mwingine alikuwa amelala fofofo. Walifanya hivyo kwa zamu miaka mitano, hawakukamatwa hata siku moja. Hilo tuliweke pembeni kwanza. Mheshimiwa mwenyewe huliweka pembeni kila siku.

Muhula wa kwanza wa mwaka ule, Katibu alikufa. Homa ya uti wa mgongo, daktari alisema. Asubuhi kichwa kilimuuma, na asubuhi ya pili akawa hayupo. Baba yao, dereva wa malori ya masafa, alirudi kuzika, akakaa siku saba akiangalia ukuta, kisha akarudi barabarani kwa sababu barabarani angalau kuna kitu cha kuangalia. Mama alibaki kwenye nyumba yao ya ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza kinachotosha kiti kimoja. Alikuwa fundi wa mapazia na sare. Tangu mazishi, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna mkasi, na mkasi haukuwa umesogezwa hata kidogo. Mheshimiwa alijua kwa sababu alikuwa ameupigia mstari wa chaki kuuzunguka.

Mama hakuwa mkali kwake. Afadhali angekuwa mkali. Alimpikia, alimfulia, alimuuliza kama ana kiu. Ila hakumtazama usoni. Alizungumza na kifungo cha pili cha shati lake. "Umekula?" anakiuliza kifungo. "Usirudi umechelewa," anakiambia. Mheshimiwa hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuchana nywele mbele ya kioo.

Habari ya bonsai, ile miti mikongwe inayokuzwa ikabaki midogo chunguni, ilianzia kwenye ofisi ya wakili mmoja, Mama alipokwenda kurudisha kitambaa cha mapazia ambayo hakuweza kuyashona. Juu ya meza ya mapokezi palikuwa na mti kamili, wenye shina nene na magome na mizizi iliyoshika udongo kama vidole, lakini wote mzima ukitosha kukaa kwenye sinia. Karani akamwambia una miaka thelathini na mmoja. Mama alirudi nyumbani, akakiambia kifungo cha shati:

"Kuna mti unaoongeza umri bila kuondoka nyumbani."

"Ndiyo, Mama."

"Nautaka. Wa miaka kumi na sita. Uliopandwa mwaka wenu."

Siyo kumi na tano, siyo kumi na saba. Alitaka kitu kilichoanza siku zilezile ambacho bado kinaendelea. Likizo ilikuwa na Jumamosi nne, na Mheshimiwa akaapa kwamba shule haitafunguliwa kabla mti huo haujakaa pale kibarazani na shuka haijatoka kwenye cherehani. Hakuwa na uwezo wa kumwacha mama yake peke yake na mkasi ule.

Jumamosi ya kwanza walimkuta muuzaji kwenye uwanja wa kuegesha magari, amepanga miti yake juu ya makreti.

"Miaka kumi na sita? Huu hapa, mama yangu. Umefika kwa mguu wako mwenyewe."

"Na wa kumi na saba unao?" Mheshimiwa akauliza kwa heshima zote.

"Huuhuu. Uko mwishoni mwishoni mwa kumi na sita."

"Na wa arobaini?"

Jamaa akasita. "Huo nitakuletea kesho."

Mama hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinua chungu na kukigeuza kuangalia kitako chake. "Mimi nguo naiangalia upande wa ndani," alisema, "nje kila mtu anapiga pasi." Chungu hakikuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Mheshimiwa naye akagusa kokoto nyeupe zilizopambwa juu ya udongo, zikainuka zote kwa pamoja kama kifuniko cha sufuria. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Chini yake udongo ulikuwa mkavu kama majivu.

Jumamosi ya pili walikwenda kwenye duka la vioo, lenye muziki laini na binti aliyevaa aproni safi kuliko shati la bwana harusi. Miti ilipendeza hadi ikatia shaka. Mama akashika shina la mmoja, akalitikisa kidogo sana. Likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Huu ulipandwa lini humu?" akauliza.

"Ni wa zamani sana, mama."

"Mti wa zamani haujashika udongo?"

Binti akaenda kumuuliza meneja. Hakurudi.

Jumamosi ya tatu ndipo walipokiona kitalu cha kweli, nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Hapakuwa na muziki wala bango. Kulikuwa na meza ndefu za mbao, nyavu za kupunguza jua, mapipa ya maji, na mwenye kitalu, bwana mfupi ambaye miwani yake ilifungwa kwa waya uleule wa kukunjia matawi. Hakusema karibu. Alisema, "Usishike shina, shika chungu." Halafu akaanza kumhoji Mama kana kwamba anamposa: Jua linaingia nyumbani upande gani? Maji mnayotumia ni ya chumvi? Nani atamwagilia? Kila siku? Na siku akiumwa?

"Kwani unauza au unaajiri?" Mheshimiwa akauliza.

"Wewe una maneno mengi. Umeshawahi kumwagilia kitu kikaishi?"

Mheshimiwa akaanza kuhesabu mapipa ya maji.

Kila mti pale ulikuwa na kibati kilichofungwa kwa waya ukingoni mwa chungu. Juu yake pamekwaruzwa kwa msumari mwaka wa kupandwa, na chini ya mwaka, alama moja ndogo kwa kila mara mti ulipobadilishiwa udongo. Mama alipita meza zote akisoma vibati kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma majina ukutani. Mwisho akauliza.

"Kumi na sita sina," bwana yule akasema bila kupepesa. "Ninao wa kumi na nne, ninao wa kumi na tisa. Mwaka huo mbegu zangu ziliungua zote."

Mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu jembamba, lakini Mheshimiwa aliliona. "Huyu hasemi uongo," Mama akakiambia kifungo walipotoka. "Nikinunua, nitanunua kwa huyu."

Sasa tazama mtu mwenye akili za bwenini anavyofikiri. Mama amepata muuzaji mkweli ambaye hana mti. Basi kinachohitajika ni mti. Jumatano Mheshimiwa akakata kipande cha kopo jikoni, akakwaruza kwa bikari upande wake mtupu mwaka waliozaliwa yeye na Katibu, akaweka alama tano nadhifu, akakisugua kwa tope na mchanga mpaka kikazeeka. Kazi kama hiyo ilikuwa ya Katibu, na tarakimu ya mwisho ikatoka imepinda. Kisha akaenda kitaluni, akamngoja mwenye kitalu aingie kuchota maji, na kwenye meza ya nyuma kabisa akachagua mkuyu mmoja mdogo, mnene wa shina, ulioinama kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza. Akavibadilisha vibati. Kile halisi akakitia mfukoni bila hata kukisoma. Hakutaka kujua.

Na hivyo tunarudi kwenye awamu ya nne.

"Meza ya nyuma hatukuimaliza, Mama," alisema, sauti yake ikiwa na utulivu wa mwizi.

Mama akaenda. Akasoma kibati cha kwanza, cha pili, cha tano. Kwenye mkuyu ulioinama kidole chake kikasimama. Akasoma mara ya pili. Akapiga magoti kwenye matope na gauni lake safi, akauweka uso wake karibu na majani bila kuyagusa.

"Ulikuwa hapa," akasema. "Ulikuwa hapa muda wote."

Alikuwa ametazamia furaha. Hakuwa ametazamia kwamba Mama angezungumza na mti ule kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwaamsha asubuhi, wawili, walipokuwa wadogo.

Mwenye kitalu alikuja akifuta mikono. Akatazama kibati, akatazama mti, akakunja uso.

"Mama, subiri kidogo. Hapa mti hauondoki bila kufunguliwa."

"Kufunguliwa vipi?"

"Mnunuzi lazima aone mizizi. Ndivyo ninavyouza."

"Naomba mwongozo!" Mheshimiwa akadakia. "Je, haitauchosha mti? Kwa afya yake, napendekeza hoja hii iahirishwe."

"Huyu mwanao anafanya kazi wapi?" bwana yule akauliza.

"Anasoma," Mama akasema. "Fungua."

Akakata nyaya za chini, akapitisha kisu ukingoni, akauinua mkuyu na udongo wake mzima, ukatoka kama keki kwenye chombo chake. Kwa kijiti akaanza kuchambua udongo wa chini, polepole, mpaka kitu kikang'aa katikati ya mizizi. Kilikuwa kibati kingine, kidogo, mizizi miwili imepita juu yake na kukikumbatia.

"Kila mti wangu una viwili," akasema. "Cha juu cha wateja. Cha chini cha mti wenyewe. Cha juu kinaweza kupotea, au watoto wakachezea." Akakisafisha kwa kidole gumba. "Huu una miaka kumi na mmoja, mama. Samahani. Kuna mtu ameingia hapa akanichezea."

Mama akachukua kile kibati cha juu, na Mheshimiwa akajua kitakachotokea kabla hakijatokea, kwa sababu alikuwa amekiona kikitokea maisha yake yote kwa magauni, kwa mashati, kwa ripoti za shule. Mama akakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na rangi ya bluu, na miguu miwili ya nyuma ya ng'ombe, na mkia.

"Hili ni kopo langu la maziwa," Mama akasema.

Mheshimiwa akasimama wima, mikono nyuma. "Naomba kutoa taarifa kwa..." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibati halisi, akakiweka mezani. "Ni mimi. Nilikuja Jumatano."

"Kwa nini?"

"Shule inafunguliwa keshokutwa. Nilitaka uwe umeupata. Nilitaka ushone."

Mwenye kitalu akaenda kutafuta kopo la maji ambalo lilikuwa mbele yake. Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Mheshimiwa akadhani analia, kumbe alikuwa akicheka, kicheko kidogo chenye kutu.

"Nyinyi watoto," akasema. "Mara ngapi nimeitwa shuleni kwa ajili yenu. Naomba radhi kwa mwalimu mkuu, nikifika getini nacheka peke yangu. Nilikuwa najiambia, waache tu, baba zangu, ni watundu lakini wanaangaliana. Mmoja hawezi kupatwa na jambo mwingine asijue."

Sasa lile tuliloliweka pembeni halikukubali tena kukaa pembeni.

"Nilijua," Mheshimiwa akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Asubuhi aliniambia kichwa kinamuuma, anataka kulala. Akasema, niitikie." Maneno yalikuwa yakitoka bila mapambo, na alishangaa jinsi yalivyo machache. "Nikamwitikia. Nilivua sweta, nikabana pua. Watu walicheka. Mchana wakaita majina tena, nikaitika tena. Sikwenda kumwangalia, Mama. Nilidhani analala. Nilikuwa nafurahia. Jioni wakaita mara ya tatu, nikaitika, na wakati naitika kuna mtu akaja anakimbia kutoka bwenini."

Mama alikuwa ameacha kucheka.

"Kama nisingeitika asubuhi, matroni angekwenda kumtafuta. Wanakwendaga. Asiyeitika wanakwenda. Daktari alisema tungemleta mapema, alisema saa chache tu..."

"Aliitwa mara tatu," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Ukaitika mara tatu."

"Ndiyo, Mama."

Maji yakadondoka kwenye pipa. Mama akainua macho. Yakapita kifungo cha pili, yakapita kifungo cha kwanza, yakafika usoni, yakakaa hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne. Mheshimiwa aliitamani siku hiyo kuliko kitu chochote duniani, na ilipofika alitamani ardhi ipasuke. Mama alimtazama paji la uso, nyusi, mdomo, kwa utaratibu, kama anayetafuta mahali kitambaa kilipochanika. Hakusema nimekusamehe. Hakusema si kosa lako. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta.

"Mizizi inakauka," mwenye kitalu akasema kwa sauti ndogo. "Samahani. Hii haingoji."

"Mshikie," Mama akamwambia mwanawe.

Mheshimiwa akaushika mkuyu kwa mikono miwili huku bwana yule akiunyunyizia maji na kuurudishia udongo. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mama akaokota kile kibati halisi mezani, akakigeuza ndani, akakigeuza nje.

"Kumi na mmoja," akasema. "Mliondoka kwenda bweni mna miaka kumi na mmoja. Hiyo ndiyo niliyokaa na mwenzio. Hiyo mitano mingine ni yako wewe. Mimi sikuwepo." Akavuta pumzi. "Nauchukua huu."

"Siwezi kuutoa leo," bwana yule akasema. "Umefunguliwa. Upumzike wiki tatu, mrudi. Na nani atamwagilia?"

"Mimi."

"Na siku ukiumwa?"

Mama akaelekeza kidevu kwa kijana aliyesimama na tope hadi kwenye viwiko. "Akiwa nyumbani, yeye," akasema. Haikusikika kama msamaha. Ilisikika kama mtu anayempa mwingine kitu kizito akishike kidogo, kwa sababu mikono yake mwenyewe imechoka.

Hapa msimulizi alikuwa amepanga kufunga kikao kwa hotuba. Lakini Mama amesoma kurasa hizi juu ya meza ya cherehani, akazigeuza upande wa pili kama kawaida yake, akauliza: "Huyu Mheshimiwa ni nani? Mbona unamsema kama mtu mwingine?"

Nimekamatwa. Ni mimi. Nimemwitikia Mheshimiwa tangu mstari wa kwanza, kwa sauti ya puani, kama nilivyozoea, nikidhani aibu itaandikwa kwa jina lake na mimi nitapita nyuma ya migongo ya watu.

Jumatatu ile shule ilipofunguliwa, kiranja alisoma jina langu, nikasema nipo. Jina linalofuata lilikuwa limepigwa mstari wa rula, kwa wino mwekundu. Kiranja aliinua kichwa kutoka kwenye rejista, mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo, akanitazama na sweta langu moja. Akangoja kidogo. Sikuitika.